Kutoka mwaloni hadi mpakani: mwongozo kamili wa tozo, mrabaha na ushuru wa forodha kwa anayesafirisha dagaa na samaki

Wakuu, kila wiki kuna mtu ananiuliza swali lile lile, eti ushuru wa dagaa kwenda Rwanda au Congo ni shilingi ngapi. Jibu la sentensi moja halipo, na anayekupa jibu la hivyo ujue hajawahi kukaa mpakani na fuso limejaa gunia huku wingu jeusi linakuja. Kuna malipo ya halmashauri, kuna ya wizara, kuna ya TRA (mamlaka ya mapato), halafu kuna ya nchi unayoingia, na kila moja lina mwenye nalo na lina wakati wake. Kiukweli hela nyingi nilizopoteza kwenye hii biashara hazikwenda kwenye tozo zenyewe, zilikwenda kwenye kuruka hatua, yaani kulipia kilo zisizo sahihi au kukata karatasi ya tatu wakati ya kwanza haijatoka. Kwa hiyo naandika kwa mpangilio ule ule mzigo unavyotembea, nikianzia Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, yaani soko la samaki la ufukweni. Wa Musoma, Bukoba na Kigoma mtarekebisha kidogo tu, mambo ni yale yale.

Viwango vya shilingi sitaviweka. Sheria ya Fedha inaanza kila tarehe 1 Julai na jedwali la ada za uvuvi nalo linarekebishwa, sasa mtu akisoma namba ya mwaka juzi akapangia safari ataumia. Na kama mzigo wako unaondoka wiki ya mwisho ya Juni, ulizia upya, usitegemee risiti ya safari iliyopita.

Hatua ya 1: jua wewe ni nani kwenye mnyororo

Hapa ndipo wengi wanachanganya. Mvuvi ana leseni yake ya uvuvi, na chombo nacho kina usajili na leseni yake, ni vitu tofauti. Chombo chini ya mita 11 leseni inatolewa halmashauri, kikizidi hapo ni ngazi ya wizara, na wanaokwenda bahari kuu wana mamlaka yao ambayo makao yake yako Zanzibar. Sisi wachuuzi hatuvui, lakini tunahitaji leseni ya kufanya biashara ya mazao ya uvuvi, na ukitaka kuvuka mpaka unaongeza leseni ya kusafirisha nje. Hiyo ya nje inataja aina ya zao. Ukiwa na ya dagaa usidhani inakubebea kayabo (sangara wa chumvi waliokaushwa) au mabondo (vibofu vya hewa vya sangara).

Leseni ni ya mwaka. Mrabaha, yaani tozo ya serikali kwa samaki wanaotoka nje, na vibali ni vya kila mzigo. Tofauti hii iandike ukutani, maana nimekutana na vijana wamelipa leseni wakaamini wamemalizana na serikali mpaka mwakani.

Kitu kingine, ukinunua samaki wasioruhusiwa hakuna tozo itakayokusafisha. Sangara chini ya sentimita 50 ni kosa hata kama umelipa kila kitu, na faini yake pamoja na kutaifishwa mzigo inakula mtaji wa msimu mzima. Wa Ziwa Tanganyika nao waangalie kalenda, mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kuna watu walikuwa wameshapokea advansi ya wateja wa Lubumbashi kule Congo na hawana hata kilo moja ya kupeleka.

Hatua ya 2: TIN na TRA ya ndani

Usiikimbie TIN, ile namba ya mlipakodi. Bila TIN hupati leseni, hupati ejenti wa forodha, na ukitumia ya shemeji yako basi mauzo yote yanasomeka kwa shemeji yako na siku akija kukadiriwa mtagombana. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayafiki milioni 4 hatozwi kodi ya mapato ile ya makadirio, ila ukifika milioni 11 mashine ya EFD, ile ya risiti za kielektroniki, inakuhusu. Kwa mtu wa dagaa milioni 11 ni safari moja au mbili, kwa hiyo usijidanganye kwamba wewe ni mdogo.

Ukiuzia kiwanda cha minofu ujue watakukata kodi ya zuio kwenye malipo yako. Hiyo haijapotea, dai cheti chake siku hiyo hiyo kwa sababu kinapunguza kodi yako mwisho wa mwaka. Na mauzo ya kwenda nje VAT yake ni asilimia sifuri, ila ili TRA wakubali kwamba kweli yalitoka nje unatakiwa uwe na nyaraka za forodha za kutokea, siyo picha ya lori likiwa Rusumo mpakani na Rwanda.

Hatua ya 3: mwaloni, mizani na ile risiti inayofutika

Mwaloni kuna ushuru wa halmashauri, unakatwa kwa POS, kile kimashine cha risiti cha mkononi, kulingana na gunia au uzito inategemea wapi. Hapa mtu anatoa elfu zake anapewa kikaratasi anakikunja mfukoni. Sasa kile kikaratasi kinachapwa kwa joto, ukikiweka kwenye dashibodi ya gari jua la Sengerema likakipiga mpaka Biharamulo, ukifika geti linalofuata ni karatasi nyeupe. Nimeona mtu analipa mara ya pili huku akimwonyesha mkaguzi karatasi nyeupe na kuapa. Dawa yake ni kupiga picha hapo hapo unapopewa, namba ya risiti isomeke, halafu ile karatasi uiweke kwenye bahasha.

Halafu mizani. Hili ndilo nataka ukae nalo. Malipo makubwa yote yanayofuata yanahesabiwa kwa kilo, na dagaa ni kitu kinachobadilika kilo. Dagaa wa chanja wakikauka vizuri hawapungui sana, wale walioanikwa mchanga wanakuja na mchanga wao, na huo mchanga utaulipia ushuru, utaulipia mrabaha, utaulipia na nauli, halafu mteja wa Goma ataupepeta mbele yako na kukukata bei. Chukua kiganja kimoja kutoka katikati ya gunia siyo juu, weka kwenye sinia jeusi, tikisa. Ukiona chini kumebaki unga unaong'aa achana na hilo gunia au rudisha bei.

Na unyevu pia. Dagaa walioanikwa siku moja tu ya jua hafifu ukiwavunja hawalii, wanajikunja. Ukinunua hao ukalipia kilo 5,000, siku tatu baadaye unakuta 4,800. Umelipia kilo 200 za maji, na mbaya zaidi karatasi zako sasa hazifanani na mzigo wako, tutafika huko.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu, nanunua, naanika tena mwenyewe siku moja au mbili kwenye turubai, napepeta, nafunga gunia upya, ndiyo napima. Namba ya mizani ya mwisho ndiyo inaenda kwenye kila karatasi. Wapagazi wanalalamika kwamba nawachosha, nawaongezea soda maisha yanaendelea.

Hatua ya 4: afisa uvuvi, cheti cha afya, mrabaha

Ukishafunga gunia unaomba ukaguzi kwa ofisi ya uvuvi. Mkaguzi anaangalia ubora, aina, uzito. Baadhi ya mizigo sampuli inapelekwa maabara ya uvuvi ya Nyegezi, hasa samaki wa viwandani, na majibu yanachukua siku, panga ratiba kabla hujaita gari. Gari likisimama dereva anakudai kila siku inayolala.

Baada ya ukaguzi unaandaliwa ankara ya mrabaha. Mrabaha ni ile tozo ya serikali kwa zao la uvuvi linalotoka nje, unapangwa kwa dola kwa kilo na kila zao lina kiwango chake, dagaa wako chini, mabondo yako juu kabisa. Unalipa kwa shilingi kupitia kontro namba, benki au kwenye simu. Mambo matatu hapa. Kontro namba ina tarehe ya kufa, ikipita unaomba upya. Dola ikipanda kati ya siku uliyopiga hesabu na siku ankara inatoka, shilingi zako zinaongezeka, kwa hiyo acha akiba kidogo. La tatu, soma jina la mlipaji na kilo zilizoandikwa KABLA hujalipa, kwa sababu kurekebisha ankara ambayo haijalipwa ni dakika kumi, ila kurudishiwa hela ya serikali iliyolipwa kimakosa ni hadithi ya wajukuu.

Ukishalipa ndiyo unapata kibali cha kusafirisha na cheti cha afya cha mzigo huo. Mpangilio ni mizani, ukaguzi, malipo, vibali, gari. Ukiweka gari mbele kila kitu kinakuwa cha haraka na cha haraka ndicho kinachozaa makosa, pamoja na kuwavutia wale jamaa wa "nipe mimi nikushughulikie". Malipo yoyote ya serikali yana kontro namba au risiti ya POS. Akikutajia namba yake ya simu ya kutumia pesa, hiyo siyo tozo.

Hatua ya 5: cheti cha uasili, karatasi ndogo inayookoa hela kubwa

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki umoja wa forodha ulianza 2005, bidhaa iliyozalishwa nchi mwanachama inavuka bila ushuru wa forodha. Samaki wanaotoka nje ya jumuiya wanapigwa asilimia 25 kwenye ushuru wa pamoja. Sasa ofisa wa upande wa pili atajuaje kama dagaa wako ni wa Ukerewe na siyo wa mbali huko? Kwa cheti cha uasili wa bidhaa, basi. Ukikosa hicho cheti anaweza kukuchukulia kama mgeni na ile 25 inaanza kukuhusu. Dagaa wamevuliwa ziwani kwetu, wamekaushwa kwetu, hakuna cheti rahisi kupata kama hiki, ndiyo maana inaniuma nikiona mtu analipishwa kwa uvivu.

Mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 unatumia cheti rahisi, unajaziwa pale pale mpakani na ofisa wa forodha na hakilipiwi. Ukizidi hapo unachukua cha kawaida kupitia TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, kabla hujaondoka. Kuna ujanja wa watu kugawa mzigo mmoja wa lori kwenye majina matano ili kila mmoja awe chini ya dola 2,000, na maofisa wanaujua tangu zamani, lori moja, dereva mmoja, mteja mmoja, wanakuhesabia kama mzigo mmoja. Wamama wanaobeba gunia mbili mbili kwa kweli ndio waliotengenezewa huu utaratibu.

Alafu sikia, cheti rahisi kinakuondolea ushuru wa forodha tu. Hakikuondolei kibali cha uvuvi wala cheti cha afya, na wala hakifuti kodi za ndani za nchi unayoingia. Watu wanasikia "bila ushuru" wanaelewa "bila chochote".

Ukienda Zambia kupitia Tunduma cheti ni cha SADC (jumuiya ya kusini mwa Afrika). Usibebe cha Afrika Mashariki huko, hakisomi. Na usidanganywe na mtu kuhusu cheti cha COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika), Tanzania tulitoka huko mwaka 2000, wanaotumia hicho ni wenzetu wa Kenya, Uganda na wengine.

Hatua ya 6: ejenti na namba ya bidhaa

Mzigo mkubwa unaingizwa kwenye mfumo wa forodha na ejenti mwenye leseni. Muulize bei yake kabla, na mwambie akutenganishie chaji yake na malipo ya serikali, siyo namba moja imefungwa kama kitumbua hujui ndani kuna nini. Na ujue walau familia ya namba ya bidhaa yako, samaki wakavu, wa chumvi na wa moshi wako 0305, mabondo yana kijumba chake 0305.72, minofu ya sangara isiyogandishwa 0304.33 na iliyogandishwa 0304.63. Ejenti mchovu anaweza kukuandikia samaki wabichi wakati una wakavu, mpakani ofisa anafungua gunia anakuta kitu kingine, mnaanza upya.

Mpakani: nilivyolala usiku mbili

Hii ilinikuta mimi. Mzigo ulikuwa dagaa, kwenye cheti cha afya kumeandikwa kilo 5,000 kwa sababu nilikaguliwa kabla ya kuanika mara ya pili, kwenye kibali 5,000, lakini ejenti wangu alichukua namba ya mizani ya barabarani akaingiza 4,800 akidhani ananisaidia. Ofisa wa upande wa pili akatazama karatasi, akatazama gari, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kilo mia mbili umeshushia wapi?" Nikaanza kueleza habari za jua na unyevu. Akasikiliza mpaka mwisho, akanirudishia karatasi. Usiku wa kwanza tukalala chini ya gari, usiku wa pili mvua ikanyesha na turubai lilikuwa na tundu dogo tu saizi ya bakuli, gunia tisa za juu zikalowa, na dagaa akilowa mara moja harufu haitoki tena. Niliziuza kwa bei ya chakula cha kuku.

Ndiyo maana nimekuganda na mizani hapo juu. Kilo moja, karatasi zote.

Kwenye mipaka ya pamoja kama Rusumo na Mutukula (hii ya Uganda) unakaguliwa upande unaoingia, mnasimama jengo moja, kwa hiyo ukimaliza ni umemaliza. Fika asubuhi. Na makubaliano na mteja yawe wazi nani analipa nini ukishavuka, hata kwa meseji ya WhatsApp, ilimradi imeandikwa.

Congo

Congo ni soko tamu, dagaa na kayabo wanapendwa Goma, Bukavu, Uvira, Kalemie mpaka Lubumbashi. Waliingia Jumuiya mwaka 2022, lakini usibebe imani kwamba ukivuka siku hizi ni kama unaenda Geita, bado malipo ya kule yanatakiwa uyaulize mzigo kwa mzigo. Kwa amri yao ya mwaka 2002 huduma za serikali zinazoruhusiwa kukaa mpakani ni nne, forodha ambao sasa wanaitwa DGDA, ubora yaani OCC, uhamiaji yaani DGM, na afya ya mipakani. Ukimkuta wa tano na wa sita na wa saba, na utawakuta, muulize karatasi yake inasema anatoza nini na risiti inatoka wapi. Uliza kwa heshima, ukiwa na mwenyeji wako. Mwenyeji wa kule ni lazima, tena mtu anayefahamiana na wenye soko, siyo uliyekutana naye stendi.

Ukipitia Rwanda kwenda Goma, Rwanda unapita tu, kwa hiyo ejenti anaweka bondi ya transiti, yaani dhamana ya mzigo unaopita tu, ili usilipie kama unaingiza pale. Hakikisha inafungwa ukishatoka upande wa pili. Bondi isipofungwa inakufuata, safari ijayo unaambiwa kuna mzigo wako haujulikani ulipo.

Wanaouliza Ulaya na China

Ulaya kwa kifupi: minofu ya sangara kutoka Tanzania inaingia bila ushuru kupitia mpango wao wa nchi maskini zaidi ulioanza 2001, wakati wasio na huo mpango wanakutana na ushuru. Kenya wao hawamo kwenye kundi hilo, wana mkataba wao wa uchumi na Ulaya ulioanza kutumika 1 Julai 2024. Lakini geti la Ulaya siyo ushuru, ni afya. Wazee wa Mwanza wanakumbuka mwishoni mwa miaka ya 90 walivyofungiwa mara kadhaa, salmonela, kipindupindu, mwisho watu kuvua kwa sumu. Toka hapo ni kiwanda kilichopo kwenye orodha yao tu ndicho kinachouza, kwa hiyo wewe mchuuzi njia yako ni kuuzia kiwanda. Faida moja ni kwamba samaki wa maji baridi hawadaiwi kile cheti cha uvuvi halali ambacho wenzetu wa pweza wa pwani wanatakiwa kuwa nacho.

Mabondo yanakwenda zaidi Hong Kong na China. Hong Kong hawatozi ushuru kwenye samaki kabisa, na China bara imefuta ushuru kwa nchi maskini zaidi, Tanzania ikiwemo, tangu 1 Desemba 2024. Kinachobaki ni usajili wa kiwanda kwao, cheti cha uasili, na ule mrabaha wetu wa nyumbani ambao kwenye mabondo siyo mchezo.

Wavuvi, msisahau hii

Nyavu, injini za boti na vyombo vya uvuvi vimo kwenye orodha ya msamaha wa VAT. Ukiambiwa dukani bei "pamoja na VAT" kwenye nyavu uliza vizuri. Ukiagiza mwenyewe nje andika namba sahihi, 5608.11 kwa nyavu na 8407.21 kwa injini za kufunga nyuma za petroli, kwa sababu ikiandikwa kama kamba au mashine nyingine msamaha huuoni.

Hesabu ya daftari, fanya kabla hujanunua gunia la kwanza

Chora mistari miwili. Upande mmoja weka malipo yanayokua na kilo: ushuru wa mwaloni, mrabaha, nauli, wapagazi. Upande mwingine yasiyojali kilo: ejenti, cheti, nauli yako, malazi, bondi. Tuseme kwa mfano tu haya ya pili yamefika 600,000. Ukiwa na kilo 4,800 kila kilo inabeba shilingi 125. Ukiwa na kilo 1,000 kila kilo inabeba 600, na hapo faida imeshakufa kabla hujatoka Mwanza, haijalishi mrabaha ni mdogo kiasi gani.

Ndiyo maana wadogo wanachanga mzigo. Sawa, changeni, lakini leseni na TIN itakayotumika ni ya mmoja, na mauzo yote yatasomeka kwake, kwa hiyo wekeni kwenye hesabu kodi yake ya mwisho wa mwaka na mwandikiane. Na mgawanye kwa kilo zitakazofika, siyo mlizonunua. Zile za mchanga na maji kila mmoja abebe za kwake.